Maporomoko ya Sipi: tumelipishwa mara nne njia moja, risiti hakuna, ngazi mbovu

Wakuu, nimerudi Mbale jana jioni na hasira bado haijaniisha.

Nilimpeleka mama yangu Sipi, huku mashariki mwa Uganda. Ana miaka 67, amezaliwa chini ya Mlima Elgon, na yale maporomoko maisha yake yote ameyaona kwenye dirisha la teksi tu, akipita kwenda Kapchorwa. Nikamwambia, mama, leo tunashuka hadi chini, kwenye yale makubwa ya karibu mita 100, ukayaguse maji.

Sijazima hata gari, vijana wametuzunguka. Kiingilio shilingi 10,000 kila mtu. Nikalipa. Tukaingia kwenye mashamba ya kahawa, mbele kidogo gogo limelazwa njiani: toa 5,000, hapa ni kwa mzee mwingine. Mbele tena 5,000. Pa nne tukamkuta mtoto na daftari la shule anaandika majina kwa penseli, naye 5,000. Jumla 35,000! Kila mahali nimeomba risiti, kila mahali nimeangaliwa kama mwendawazimu.

Sikatai mwenye shamba kulipwa. Watu wanakanyaga miche yake, alipwe. Lakini pesa zote hizo zimefanya nini? Ngazi ya miti ya kushukia, vipago viwili havipo, cha tatu kimefungwa kwa kamba ya mgomba na kimelowa rasharasha. Mama alipokikanyaga kikazunguka. Nilimdaka mkono, goti likachubuka hadi damu. Kijana aliyepokea pesa yetu yuko juu, anachezea simu. Na huu ni mlima uleule ulioporomoka ukafukia watu kule Bududa mwaka 2010. Udongo wake ukilowa hauna mzaha na mtu.

Hatukufika chini. Wakati wa kupanda mama akanionyesha sep, ule mmea unaofanana na mgomba, Wasabiny, wenyeji wa huku, wanautumia kutibu homa, na mto umepata jina kutoka kwake. Shinani pamejaa kavera, ile mifuko ya plastiki, na chupa za soda. Mama aliinama akaanza kuziokota, goti linavuja damu. Hapo ndipo niliposhindwa kuvumilia.

Pawe na mahali pamoja pa kulipia, pale barabarani, bei iandikwe ubaoni, risiti itolewe, wenye mashamba wagawiwe kutoka humo. Na ngazi itengenezwe kabla hajashuka mzazi wa mtu mwingine.

Picha za ngazi ninazo. Anayejua nibishe mlango upi pale wilayani aniambie, Jumatatu naenda.