Gogogo wa kweli au chotara? Tulinganishe wanaouzwa Bukavu na Goma

Nguba_Bukavu
Jambo wandugu. Nina akwariamu ya lita 300, maji ya Kivu, na natafuta gogogo (samaki wenye masharubu wa jamii ya Synodontis) wa kuishi pamoja na sikilidi, samaki wa rangi wa ziwa Tanganyika. Mvuvi mmoja wa Uvira ananiahidi "petricola" wa kukamatwa kwenye mawe. Muuzaji wa Goma ana "multipunctatus" wa kufugwa, wadogo, bei nafuu. Huyo huyo ana "angelicus" weusi wenye madoa meupe, wanavutia kweli, na bei yao iko chini sana ya ile wanayoitaja watu wa Kinshasa.

Foto nimeziweka. Hao wa tatu ndio wananitia wasiwasi. Wametoka sashe moja na ukubwa wao ni mmoja, lakini mmoja ana madoa ya duara, mwenzake madoa yameungana yakawa kama mistari, na mwingine yamefifia kabisa tumboni. Kati ya makundi haya matatu, ni wapi spishi na ni wapi machotara?

Himbi_Goma
Kaka, chukua wa Uvira, wengine waache. Samaki wa kufugwa wanaokuja na ndege wote wamechanganywa. Mimi nanunua wa ziwani tu, maana ziwa halidanganyi.

Kalundu
Ziwa halidanganyi, lakini majina ya sokoni yanadanganya. Huku kwetu Uvira gogogo yeyote mdogo mwenye madoa ataitwa petricola mbele ya mteja. Mtaalamu wa samaki Matthes ndiye aliyemwandika petricola kisayansi mwaka 1959. Baadaye, kwa miaka mingi, samaki mwingine mdogo wa Tanganyika akawa anauzwa kwa jina hilo hilo, au kwa jina la "petricola kibeti", mpaka wataalamu Wright na Page walipompa jina lake mwaka 2006: Synodontis lucipinnis. Huyo si chotara hata kidogo. Ni spishi safi iliyokuwa imevaa jina la jirani yake.

Kuwatenganisha, tazama mapezi. Wote wawili wana weusi wa pembetatu na ukingo mweupe. Lucipinnis ana kitu cha ziada: pale pezi linaposhika mwili, chini ya ule weusi, kuna sehemu iliyopauka kama dirisha. Petricola hana dirisha hilo, weusi unaanzia kwenye shina. Muombe mvuvi foto ya samaki akiwa amefungua mapezi, na akuambie ni mawe ya kijiji gani. Mvuvi wa kweli anajua alipotega.

Mwalimu_Biolojia
Aksanti muzee Kalundu. Nami nianzie kwa mama Himbi, kwa heshima zote: kufugwa si kuchanganywa. Hizo ni habari mbili, na tukiziunganisha tutawakataa samaki wazuri.

Multipunctatus ni mfano mzuri. Huyu hutaga mayai yake wakati sikilidi wanaotunza mayai mdomoni wanapotaga yao. Jike la sikilidi linaokota yote pamoja. Watoto wa gogogo huanguliwa mapema, humohumo mdomoni, na hula mayai na watoto wa mwenye mdomo. Kwa hiyo mfugaji akiweka kundi la multipunctatus na sikilidi wanaofaa, hata wa ziwa Victoria, atapata watoto safi bila sindano yoyote ya kuwalazimisha kutaga. Petricola na lucipinnis hawahitaji hata mlezi. Hutawanya mayai yao kwenye mawe na kuyaacha. Ndiyo maana gogogo wa Tanganyika wa kufugwa mara nyingi ni spishi halisi.

Kwenye foto zako, kaka Nguba, wale wadogo wana jicho kubwa, madoa makubwa meusi, na tumbo jeupe lisilo na doa. Hiyo ni sura ya multipunctatus. Kuna ndugu yake, grandiops, wa jicho kubwa zaidi. Ukitaka uhakika hesabu miale laini ya pezi la kifuani: multipunctatus ana minane, grandiops saba. Lakini mimi sioni sababu ya kuwatilia shaka ya uchotara.

"Angelicus" ni kesi nyingine. Angelicus wa kweli ni wa bonde la Kongo. Hatagi katika akwariamu ya kawaida. Wanaofugwa hupatikana kwa wazazi kudungwa homoni, dawa ya kuamsha utagaji, kisha mayai yakakamuliwa na kuchanganywa na mbegu ya dume kwa mkono wa mtu. Hapo samaki hachagui mwenzake, mtu ndiye anayemchagulia. Na mzazi anayetajwa sana katika machotara hayo ni Synodontis eupterus, kwa sababu yuko tele kwenye mashamba ya samaki. Kwao eupterus ni Nile Nyeupe, Chad, Niger na Volta. Huko hakuna angelicus wa kuzaa naye.

Katuba_Lushi
Hapa Lubumbashi wafugaji wa kambale wanalijua jambo hili vizuri. Wanamdunga jike la Clarias gariepinus, wanakamua mayai, wanachukua mbegu ya dume la Heterobranchus longifilis. Kazi halali, watu wanataka samaki anayekua haraka. Na chotara wake anajulikana kwa macho: Clarias ana pezi refu la mgongoni linalokaribia mkia, hana pezi la mafuta, yaani lile pezi nene lisilo na miale nyuma ya pezi la mgongoni. Heterobranchus ana pezi fupi zaidi, halafu nyuma yake pezi kubwa la mafuta. Mtoto wao anakaa katikati, na kipezi kidogo cha mafuta.

Kwa gogogo mambo ni magumu zaidi, maana wote wana pezi la mafuta. Je, tutazame nini?

Mwalimu_Biolojia
Swali zuri sana. Rangi iwe ya mwisho. Eupterus mdogo ana mabaka, akikua anakuwa na madoa, kwa hiyo rangi ya mtoto haishuhudii mengi. Mtaalamu wa samaki Max Poll, katika kitabu chake cha 1971 juu ya Synodontis wa Afrika, alitegemea zaidi vitu vigumu: umbo la mfupa unaochongoka begani nyuma ya kifuniko cha matamvua, idadi ya meno ya taya ya chini, urefu wa masharubu na jinsi yale ya chini yanavyogawanyika matawi, meno ya mwiba wa kifuani.

Halafu tazama kundi zima. Ndugu wa spishi moja hutofautiana kidogo. Ndugu machotara hutofautiana kwa fujo, kama ulivyoeleza wewe mwenyewe. Angelicus ana michirizi kwenye mapezi. Wa kwenye foto yako wana vidoa vidogo kwenye utando, na pezi la mgongoni limeanza kurefuka nyuzi, jambo ambalo ni la eupterus kabisa. Mimi nawaita machotara, wala sisiti.

Panzi_Vijana
Mwalimu, hakuna kipimo cha DNA kinachomaliza ubishi?

Mwalimu_Biolojia
Kipo, lakini kile cha kawaida kinasoma DNA ya mitokondria, na hiyo hutoka kwa mama peke yake. Chotara wa mama eupterus atasomeka eupterus mtupu. Lazima isomwe DNA ya kwenye kiini cha seli pia, ambayo inabeba baba na mama.

Himbi_Goma
Nimekuelewa mwalimu, na nimekubali juu ya multipunctatus. Lakini kuna jambo moja nalishikilia. Watu wakichoka na samaki hapa Goma wanamwaga ziwani. Maji ya Kivu yanatoka kwa kupitia mto Ruzizi, na Ruzizi inaingia Tanganyika. Chotara asiyejulikana asifike kwenye maji yale, kule kuna gogogo wasiopatikana mahali pengine duniani. Anayemnunua chotara ajue atakaa naye mpaka mwisho, na akimpa mwingine aseme waziwazi ni chotara.

Kalundu
Mama amesema kweli. Huku tunaishi kwa ziwa hilo.

Katuba_Lushi
Hata kwa maji yako, kaka Nguba, angelicus si chaguo. Kivu ina maji magumu yenye alkali kama Tanganyika, wa Tanganyika watajisikia nyumbani. Ila Bukavu ni baridi, weka kipasha maji, 25 hivi, na betri ya pompi ya hewa kwa ajili ya umeme.

Nguba_Bukavu
Aksanti nyote. Mvuvi ametuma foto: mapezi yamefunguka, weusi unaanzia kwenye shina, dirisha hakuna, na ametaja kijiji. Nachukua hao, na multipunctatus wachache katika akwariamu nyingine yenye sikilidi wa kutunza mayai mdomoni. Muuzaji wa Goma nimemwandikia aondoe jina la angelicus kwenye tangazo. Amejibu kwamba aliyemuuzia ndiye aliyempa jina hilo. Nimemuomba amuulize huyo wazazi wa samaki ni nani, nikipata jibu nitaliweka hapa.