Njiti wetu aliacha kupumua usiku, sasa wanataka kuturuhusu tena na naogopa kurudi nae nyumbani

Baba Tumaini, Njombe

Habarini wazazi wenzangu. Naandika nikiwa nje ya wodi, mke wangu yuko ndani na mtoto. Mimba ilikuwa wiki 31 hivi, mke wangu hana presha hana kisukari, kliniki anahudhuria vizuri kabisa, jioni moja anapepeta mchele mara chupa ikapasuka, maji yakamwagika bila uchungu wowote. Tukakimbia hospitali, wakamchoma zile sindano za kukomaza mapafu ya mtoto na antibiotiki, wakasema tujitahidi kuvuta siku, zikavutika kidogo tu, mtoto wa kiume akatoka na gramu 1450. Alikaa kwenye oksijeni, akawekwa kwenye ile taa ya bluu kwa ajili ya manjano, maziwa kwa mpira wa puani, baadae kikombe, baadae akaanza kunyonya mwenyewe, mama yake akahamia wodi ya kangaruu, ile ya kumbeba mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, mpaka uzito ukapanda tukaruhusiwa.

Sasa nyumbani. Njombe mnaijua baridi yake mwezi wa saba. Siku hiyo mchana alinyonya kivivu, jioni akawa analala tu, ukimwamsha anafungua jicho anarudi kulala, mwili umelegea, miguu ya baridi. Shangazi akasema hilo ni chango, kuna dawa ya mizizi atatuletea asubuhi. Usiku mke wangu anampa titi anaona kimya, akawasha taa, midomo na ulimi vimekuwa rangi ya zambarau, kifua hakipandi. Akamsugua mgongo kwa nguvu huku analia, mtoto akavuta pumzi moja, ikapita kimya, akavuta nyingine. Jirani ana gari, tulitoka mbio na mtoto kafungwa kifuani kwa mama yake. Hospitali wakakuta sukari imeshuka na ana maambukizi kwenye damu. Dripu, antibiotiki, oksijeni, dawa ya kumkumbusha kupumua. Namshukuru Mungu leo ananyonya na analia kwa sauti, na dokta anasema wiki hii tunaweza kwenda.

Furaha ninayo ila usingizi sina. Nitajuaje kama anapumua sawasawa? Mana hata humu wodini namuona anapumua haraka haraka halafu anatulia kidogo ndo anaendelea. Mama mkwe anataka tuweke jiko la mkaa chumbani tumpe joto, mwingine ananiambia ninunue kile kimashine cha kubana kidoleni cha kupima oksijeni. Waliopitia haya mlilalaje jamani?

Mama Pacha Mwanza

Pole sana baba Tumaini na hongera, mpe hongera nyingi na mama mtoto, kumsugua mgongo pale pale ndo kulimsaidia huyo mtoto kurudi. Mimi pacha wangu walitoka wiki 30, mmoja alikuwa ananipaliwa na maziwa mpaka anabadilika rangi, nikawa namuogopa mwanangu mwenyewe, nikiona muda wa kunyonya unafika moyo unaenda mbio.

Kilichonisaidia ni ratiba. Njiti hasubiriwi alie ndo anyonye, hana nguvu ya kulia njaa, analala tu na sukari inashuka akiwa kimya hivyo hivyo. Weka alamu ya simu kila baada ya masaa mawili au matatu mchana na usiku, mvueni nguo kidogo, mguseni nyayo aamke. Akichoka titi mnakamua anamaliziwa kwa kikombe akiwa amekaa wima, mnamgusisha kikombe mdomoni anakunywa mwenyewe taratibu, msimmiminie. Chupa ya chuchu achaneni nayo kabisa, kuisafisha ni shida na ndo mlango wa kuharisha. Kingine wageni. Najua ndugu wanataka kumuona ila mwenye mafua abaki sebuleni, na anayeingia anawe mikono kwa sabuni hata kama ni mkwe. Wapo walionuna kwangu, wakaja kunielewa baadae.

Nesi wa Watoto (Songea)

Baba Tumaini, nimefanya kazi wodi ya watoto wachanga miaka mingi, ngoja nikujibu moja moja.

Kupumua haraka halafu kutulia sekunde tano mpaka kumi kisha kuendelea, rangi haijabadilika, hiyo ni kawaida kwa njiti, ubongo bado unajifunza kuendesha pumzi. Isiyo ya kawaida ni kutulia sekunde 20 au zaidi, au hata chini ya hapo kama anabadilika rangi au analegea. Na kwa ngozi zetu usiangalie uso, angalia ulimi na ndani ya mdomo, hapo ndo ukweli unapoonekana. Viganja na miguu kuwa ya bluu kidogo inaweza kuwa baridi tu.

Njiti wengi hili tatizo la kusahau kupumua linaisha wakifika kama wiki 36 au 37 ukihesabu kuanzia mimba. Sasa mtoto ambaye lilikuwa limeisha halafu likarudi, huyo mwili wake unasema kuna kitu kingine, mara nyingi ni maambukizi, au sukari, au baridi, au damu imepungua. Kwa wenu ilikuwa viwili pamoja. Kwa hiyo kabla ya kutoka muulize dokta waziwazi: antibiotiki amemaliza dozi? Ile dawa ya pumzi imesimamishwa lini, na tangu isimamishwe ameshakaa siku kadhaa bila tukio? Kama bado, ombeni mbaki. Mzazi kuuliza hivyo hakuna nesi wa maana atachukia.

Pia msitoke bila kufundishwa kwa mdoli, wewe na mkeo wote wawili. Akiacha kupumua unamsugua mgongo na kumpiga vidole nyayoni. Asiporudi unamlaza kwenye kitu kigumu, kichwa kikae sawa kama anayenusa, unafunika mdomo na pua yake kwa mdomo wako unapuliza pumzi ndogo, ya mashavuni tu, uone kifua kinapanda, na mwingine anaita msaada wa kwenda hospitali. Msimtikise, msimmwagie maji, msimtie moshi wala kitunguu puani.

Dalili za kuondoka nazo muda huo huo hata kama ni saa nane usiku: amegoma kunyonya au ananyonya kivivu kuliko jana, analala kupita kiasi, joto zaidi ya 37.5 au chini ya 35.5, anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika, mbavu zinaingia ndani, anakakamaa, viganja na nyayo vimekuwa vya njano. Nunueni kipimajoto, bei yake ni ndogo. Na hii naisema kwa upendo kwa shangazi: mtoto aliyelegea na kugoma kunyonya si chango. Dawa ya mizizi kwenye utumbo wa njiti ni hatari kweli, na inakula muda wa kwenda hospitali.

Kimashine cha kidoleni vingi vinavyouzwa ni vya watu wazima, kidole cha njiti hakishikiki, kitakuonyesha namba za uongo mkimbie usiku bure, au mbaya zaidi kikutulize wakati mtoto anaumwa. Hela hiyo iwekeni ya nauli ya dharura.

Mbeya Uyole

Jiko la mkaa HAPANA kaka. Sisi tunaotoka nyanda za juu tunajua, kila msimu wa baridi unasikia watu wamelala na jiko hawakuamka. Hewa ile haina harufu, mtu mzima inammaliza sembuse mtoto ambaye pumzi yenyewe ya kukumbushwa. Mwambie mama mkwe kwa heshima, hata mlangoni lisikae.

Baba Wawili Iringa

Joto la njiti ni kifua cha mzazi na hata chako kinafaa. Mke wangu alikuwa na mshono, mimi ndo nilimbeba binti yangu. Mtoto anabaki na nepi, kofia na soksi, anakaa wima katikati ya kifua ngozi kwa ngozi, kichwa kimegeukia upande, miguu kama ya chura, kitenge kinafungwa kimfike usawa wa sikio, juu unavaa sweta au koti lako. Kulala unaegemea mito, nusu kukaa. Na jibu la swali lako ndo hilo, pumzi yake unaisikia kwenye ngozi yako. Mimi nilipata usingizi tangu nimeanza kumfunga kifuani, kabla ya hapo nilikuwa nasimama na tochi kitandani kwake usiku kucha. Tulikuwa tunapokezana, mke anampa titi, anapumzika, namchukua.

Mzee mmoja wodini alikuwa anasema hayo ni mambo ya hospitali zisizo na mashine. Ni kweli yalianza Bogotá kule Kolombia mwaka 1978, daktari Edgar Rey aliona mashine za joto hazitoshi, ila matokeo yakawa mazuri mpaka nchi zenye mashine zote nazo zinafanya.

Nesi wa Watoto (Songea)

Baba Wawili umesema vizuri. Niongeze kwamba kuna utafiti mkubwa ulitoka 2021, ulifanyika nchi tano na Tanzania ikiwemo, kwa watoto wa gramu 1000 mpaka 1799. Walioanza kangaruu mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri watulie kwanza, vifo vilikuwa pungufu kwa kama robo ukilinganisha na waliosubirishwa. Baba Tumaini endeleeni nayo nyumbani masaa mengi mnayoweza kwa siku, kuanzia nane kwenda juu, mpaka mtoto mwenyewe aanze kujinasua na kukataa, mara nyingi akikaribia kilo mbili na nusu.

Baba Tumaini, Njombe

Asanteni sana, nimemsomea mke wangu yote akiwa kambeba. Jiko limefutwa, nimeongea na mama mkwe kaelewa, kasema atakuja yeye kupika na kufua ili mama mtoto asimtoe mtoto kifuani. Shangazi bado sijaongea nae. Nimemuuliza dokta kuhusu ile dawa ya pumzi, kumbe wameisimamisha jana tu, kakubali tubaki kidogo wamwangalie. Mke wangu ameajiriwa na likizo yake inakatika wakati mtoto bado mdogo, kuna anayejua? Na kuna kingine cha kuangalia ambacho tunaweza kusahau?

Mama Pacha Mwanza

Likizo, sheria ya kazi imerekebishwa 2025, mama aliyejifungua njiti anaongezewa muda. Apeleke barua ya hospitali yenye wiki za mimba kwa afisa utumishi mapema, asisubiri iishe.

Nesi wa Watoto (Songea)

Vizuri sana kwa kuuliza, mbaki. Cha kusahaulika ni macho. Aliyezaliwa chini ya wiki 32 au chini ya gramu 1500 anatakiwa kuchunguzwa macho na daktari bingwa akifikisha kama wiki nne tangu azaliwe, mana mishipa ya nyuma ya jicho inaweza kukua vibaya na kwa nje huoni chochote. Wenu ana sifa zote mbili na amepewa oksijeni mara mbili. Kipimo hicho hakipo kila hospitali kwa hiyo ombeni rufaa kabla hamjatoka, iandikwe kabisa kwenye karatasi ya ruhusa na tarehe, na kama wiki nne zimeshapita semeni leo leo. Mkiandika hapa ni wapi wamewapeleka nitakuelekeza cha kubeba.