Naomba ushauri: spamu imevamia seva yangu, nikiibana naambiwa nazima watu midomo

Wakuu habarini. X ilivyofungiwa hapa bongo Mei 2025 nikaanzisha kaseva ka Mastodon (mtandao wa kijamii kama X, ila kila mtu anaweza kuendesha seva yake na seva zikaongea zenyewe kwa zenyewe), tuko kama 60, stori za mpira na siasa kidogo. Kujisajili niliacha wazi (kosa langu, lile wimbi la spamu la Februari 2024 lilipitia hukohuko kwenye seva ndogo zisizo na mlinzi). Juzi naamka nakuta akaunti 200 na ushee, zote picha ya dada yuleyule, "habari mpendwa, zidisha bitcoin yako", na seva mbili kubwa za Ujerumani zishatublok kwahiyo ndugu zetu walioko huko hawatuoni tena.

Nikaweka kila anayejiunga nimkubali mwenyewe, na seva moja ya matusi nikaikata kabisa. Sasa wanachama wamenijia juu eti nimekuwa kama walewale tuliowakimbia! Mmoja anataka tuhamie Nostr (mtandao mwingine usio na mwenyewe mmoja) kwamba huko hakuna wa kukufuta, mi nilichungulia nikaona relei (seva za kupitishia ujumbe) za bure takataka ndo balaa.

Kuna aliyewahi kuiwekea seva kikomo tu bila kuikata, yaani wanaoifuatilia waendelee kuona? Na hao waliotublok, admini wao unamwandikiaje akuelewe? Nafuta akaunti moja moja kwa simu, bando linakata.