Cinque Terre na mama mwenye magoti mabovu, tulale kijiji gani?

Binti_Safarini:
Habari zenu wadau. Mwezi wa 9 naenda Italia na mama yangu, ana miaka 68, magoti yanamsumbua, ngazi chache anapanda ila zikiwa nyingi anaumia usiku kucha. Siku zote anatamani kuviona vile vijiji vya rangirangi vya Cinque Terre. Tuna siku mbili tu. Naambiwa vyote vitano unavimaliza kwa siku moja, kweli? Na tulale wapi?

polepole77:
Kuvimaliza utavimaliza, treni kutoka kijiji hadi kijiji ni dakika chache tu, mimi mara ya kwanza nilifanya hivyo nikaondoka nimeona stesheni kuliko vijiji na mpaka leo inaniuma. Usimfanyie mama hivyo. Laleni Monterosso, ndo penye ufukwe mkubwa wa mchanga na tambarare kuliko kwingine, treni inawashusha upande wa Fegina, mji wa zamani mnaufikia kwa kupita handaki. Asubuhi kabla makundi hayajashuka na jioni yakishaondoka kunatulia kabisa, unasikia maji yanavyogonga mawe. Vernazza nako mpeleke, ukitoka stesheni ni mtaa mmoja unateremka mpaka bandarini, akae hapo hata masaa mawili.

Corniglia acheni. Kiko juu ya mwamba, kutoka stesheni ni ngazi zaidi ya 370.

mzee_wa_njia:
Corniglia kuna kibasi kutoka stesheni jamani, asikate tamaa, ila kinajaa haraka. Boti haziendi huko kwa sababu hakina bandari, hivyo vingine vinne zinasimama. Na boti msiikose, vijiji hivi uzuri wake unaonekana ukiwa baharini, ila bahari ikichafuka zinasitishwa, kwa hiyo siku ya kwanza ikiwa shwari pandeni siku hiyohiyo msiseme kesho.

Nuru_K:
Dada kuna njia ya miguu inaitwa Via dell'Amore, kutoka kijiji cha Riomaggiore mpaka kijiji cha Manarola, kama kilomita moja na karibu yote ni tambarare. Ilifungwa 2012 mawe yalipoporomoka yakajeruhi watalii, ikafunguliwa tena 2024, tiketi yake inawekwa mapema. Hiyo mama anaiweza. Ile ya Monterosso–Vernazza hapana, ni ngazi na ngazi, na huko ukienda na kandambili unapigwa faini.

Mkipita angalieni matuta ya mizabibu mlimani, kuta zake ni mawe yamepangwa tu bila saruji, watu wamezijenga kwa mikono karne na karne. Sehemu nyingi zimeachwa, na ukuta usipotunzwa udongo unashuka. Tarehe 25 Oktoba 2011 mvua kubwa ilishusha matope Vernazza na Monterosso, watu wakafa. Mimi nikiona mkulima bado anapanga mawe pale juu namheshimu sana, nunueni zabibu au divai yao hukohuko.

Binti_Safarini:
Asanteni mno. Nimemsomea mama yote, anasema Monterosso tulale, Vernazza tukae, Via dell'Amore atatembea mwenyewe asishikwe mkono. Kwenye boti akae upande gani?

mzee_wa_njia:
Mkitoka Monterosso kwenda Riomaggiore, kushoto. Vijiji vyote viko upande huo. Wahini foleni apate kiti cha nje.