Je, tunu za jamii na mtazamo wa kifeministi vina nafasi gani katika sayansi?

Mwanafunzi wa Utafiti aliuliza:

Ndugu wasomi, naomba mawazo yenu. Katika somo la mbinu za utafiti tunafundishwa kwamba mwanasayansi huweka kando imani, siasa na mapenzi yake, akaufuata ushahidi popote unapompeleka. Sasa nawasoma wanafalsafa wa kifeministi, yaani wanaotetea usawa wa wanawake na wanaume, hasa Helen Longino, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1990 anashikilia kwamba tunu za jamii, yaani mambo ambayo jamii huyathamini, zimo ndani ya sayansi yenyewe, hata ile iliyofanywa vizuri. Kinachonitatiza ni hiki: ikiwa upendeleo wa wanaume uliharibu baadhi ya matokeo, kwa nini tusiondoe upendeleo wote, badala ya kuingiza mwingine?

Mtafiti wa Wanyama alijibu:

Ndugu, swali lako ni la msingi, lakini linachukulia kwamba mwenye upendeleo huuona. Mara nyingi hauoni. Kwa miaka mingi watafiti wengi wa nyani waliandika chochote kilichowavuta macho, na kinachovuta macho upesi katika kundi la nyani ni madume wakubwa wanaopigana. Majike waliokaa wakichambuana manyoya, wakinyonyesha na kusukumana taratibu kugombea nafasi, waliandikwa kwa uchache, na picha iliyojengeka ikawa kwamba madume ndio mhimili wa jamii nzima. Hakuna aliyedanganya, kwa kuwa mapigano yaliyoandikwa yalitokea kweli.

Mwaka 1974 Jeanne Altmann, anayejulikana kwa utafiti wake wa nyani wa Amboseli nchini Kenya, alichapisha makala kuhusu namna ya kuchunguza tabia za wanyama. Mojawapo ya mbinu alizozieleza ni kumchagua mnyama mmoja, kumfuata kwa muda uliopangwa kabla, kuandika kila anachofanya hata kama amekaa tu, kisha kuhamia kwa mwingine kwa muda uleule. Kwa utaratibu huo jike wa cheo cha chini hupata dakika sawa na dume mbabe. Makala yenyewe haikuandikwa kama hoja ya kifeministi, lakini inaonyesha vizuri kwamba kuuliza "ni nani hatujamtazama?" huzaa utaratibu mkali zaidi, wala si uliolegea. Majike walipofuatiliwa kwa makini, ilionekana kwamba kwa nyani wa Amboseli wao ndio hubaki katika kundi walimozaliwa na kurithi cheo cha mama zao, huku madume wakihama.

Mpenda Historia alijibu:

Mfano huo naukubali, ila natoa tahadhari. Mwaka 1948, katika Umoja wa Kisovyeti, mtaalamu wa kilimo Trofim Lysenko aliungwa mkono na Stalin hata jenetiki, yaani sayansi ya urithi wa sifa za viumbe, ikapigwa marufuku kwa madai kwamba inapingana na itikadi ya dola. Nikolai Vavilov, mtaalamu mkubwa wa mbegu za mazao aliyekuwa amempinga, alikwisha kufia gerezani mwaka 1943. Huko nako ilisemwa kwamba sayansi lazima iitumikie jamii. Mpaka utawekwa na nani?

Mwalimu wa Falsafa alijibu:

Tuangalie kazi ambayo tunu inapewa. Inaweza kuamua tutafiti nini, na inaweza kuamua tudai ushahidi kiasi gani kabla ya kukubali dai ambalo likiwa la uongo litawaumiza watu. Haiwezi kamwe kukaa mahali pa ushahidi, na hilo ndilo kosa la Lysenko.

Chukueni dawa. Mwaka 1977 mamlaka ya dawa ya Marekani ilielekeza kwamba wanawake wanaoweza kushika mimba wasiingizwe katika hatua za mwanzo za majaribio, kwa nia ya kuwalinda watoto walio tumboni. Huo ulikuwa uamuzi wa kitunu, hata kama wengi waliuona kuwa tahadhari ya kawaida tu, nao ulibadilishwa mwaka 1993. Halafu, mwaka 2013, mamlaka hiyohiyo ilipunguza kipimo cha awali cha zolpidemu, dawa ya usingizi, kwa wanawake kutoka miligramu 10 hadi 5, kwa sababu miili yao huiondoa polepole zaidi na asubuhi hubaki kiasi kinachoweza kuhatarisha uendeshaji wa gari. Dawa ilikuwa sokoni tangu miaka ya 1990! Tofauti hiyo ya kimwili haikuundwa na ufeministi. Ufeministi ulichodai ni kwamba itafutwe.

Kuhusu upendeleo kuongezwa juu ya upendeleo, Longino hasemi hivyo. Anadai jumuiya ambamo kuna mahali pa kukosoana hadharani, ukosoaji hubadilisha mambo, vigezo ni vya wote, na mamlaka ya kielimu hayagawiwi kwa jinsia wala cheo. Pimeni Moscow ya mwaka 1948 kwa masharti hayo muone kama lipo hata moja lililotimia.

Mwanafunzi wa Utafiti alijibu:

Nashukuru sana, Mwalimu. Lakini je, masharti hayo hayatulazimishi kumsikiliza milele hata anayedai kwamba wanawake wana akili pungufu?

Mwalimu wa Falsafa alijibu:

Wakosoaji wa Longino wameliuliza hilo pia, na ni pingamizi zito. Jibu langu ni kwamba masharti yanamfunga na yeye. Dai lake likishapimwa na kukosolewa, anatakiwa alibadilishe au alete ushahidi mpya. Akirudia yaleyale bila kujibu, amevunja sharti la pili, na jumuiya haidaiwi muda wake tena.