Tupeane uzoefu: jina lako linageukaje ukikutana na watu wa lugha nyingine?

Wakuu, salaam kwenu.

Mimi naitwa Yohana, mzaliwa wa Temeke. Baba ni Mkristo, mama alibadili dini alipoolewa. Bibi mzaa mama, pale Tandika, hakuniita Yohana hata siku moja. Yuko jikoni anageuza chapati, utasikia: "Yahya! Niletee maji, baba." Utotoni nilidhani bibi analikataa jina langu la ubatizo, na iliniuma sana.

Nilipofika kidato cha tatu, ustadhi wa jirani akanifumbua macho. Yahya na Yohana ni mtu mmoja, mtoto wa Zakaria. Kwenye Qurani, sura ya Maryam, Zakaria anaambiwa kwamba kabla ya mtoto huyo hakuna aliyepewa jina hilo. Kwenye Luka sura ya 1, jamaa wanabisha kwamba katika ukoo hakuna mtu mwenye jina hilo, na Zakaria, akiwa bubu, anaomba kibao na kuandika: "Jina lake ni Yohana." Jioni ileile nilikwenda Tandika kumweleza bibi. Akaniangalia, akasema: "Sasa wewe ulidhani namwita nani?"

Tangu hapo nalifuatilia jina hili kila nikutanapo nalo. Mzizi wake ni Kiebrania, Yohanan, maana yake Mungu ametenda kwa neema. Wagiriki wakalifanya Ioannes. Kutoka hapo Warusi wana Ivan, Wahispania Juan, Waitalia Giovanni, Waairishi Seán, Waethiopia Yohannes. Wajerumani walilikata kichwa, Johannes ikabaki Hans. Hapa kwetu Wakatoliki wengi husema Yohane. Shuleni mimi nikaandikwa John bila kuulizwa, na miaka baadaye nikalazimika kula kiapo kwa wakili kwamba John wa cheti cha kidato cha nne ndiye Yohana wa cheti cha kuzaliwa.

Leteni na yenu.

Athumani, Mbagala: Mkuu, nilikuwa fundi wa zege kwenye ujenzi wa reli ya kisasa, chini ya Waturuki. Siku ya kwanza msimamizi kasoma kitambulisho changu, kasema "Osman!", halafu akajigonga kifua: naye ni Osman. Kituruki hakina th, kwa hiyo Uthman wa Kiarabu kwao akawa Osman. Sisi th tukaibakiza, tukaongeza i mwishoni, maana neno la Kiswahili hupenda kumalizikia kwa irabu. Yule bwana Kiswahili hajui na mimi Kituruki sijui, ila tangu siku hiyo akawa ananiita *adaş*. Nikamuuliza mkalimani maana yake, akaniambia: mtu mnayechangia jina. Nikamfundisha na yeye kusema "somo". Mpaka anaondoka nchini, asubuhi ilikuwa adaş huku, somo kule, ndipo tunawasha mashine.

Dada wa Keko: La kwetu lilitutoa machozi. Babu alibatizwa Yakobo, lakini kazini, enzi za Mwingereza, kitabu chake cha mshahara kiliandikwa James. Kumbe Kiingereza ndicho kinachogawa jina hilo mara mbili: mwana wa Isaka wanamwita Jacob, mtume wanamwita James, wakati Biblia ya Kiswahili wote inawaita Yakobo. Babu alipofariki, karatasi za kiwanja zilikuwa na James, cheti cha ndoa kina Yakobo. Kwenye mirathi tukaulizwa huyu James ni nani kwenu. Tulihangaika miezi, mpaka akapatikana mzee mmoja aliyefanya naye kazi, akaja na mkongojo wake kutoa ushahidi. Alisema: "Huyo alikuwa James mpaka saa kumi jioni. Akivuka geti, ni Yakobo."

Fatuma, muuza vitenge Kariakoo: Kitambulisho Fatuma, shangazi zangu wa Unguja Fatma, wateja wa Dakar wananiita Fatou. Naitika kote.

Juma, Gongo la Mboto: Sijui kama nimo kwenye mada. Kuna Mghana nilipanga naye nyumba moja. Alipojua kwamba Juma ni aliyezaliwa Ijumaa, akasema kwao mwanamume wa siku hiyo ni Kofi, akawa ananiita hivyo. Majina hayana undugu, siku ndiyo moja.

Yohana: Juma, umo kabisa, na hilo la Kofi sikuwa nalijua, asante sana. Dada wa Keko, pole mno. Wenye wazazi walio hai na majina mawili kwenye karatasi, wapelekeni kwa wakili wakaape wenyewe, wakiwa na nguvu zao, kwamba ni mtu mmoja. Msisubiri.

Kuna mmoja ameniuliza pembeni kama bibi bado yupo. Hayupo, alitangulia. Siku ya mazishi nilisimama nyuma na ndugu wa upande wa baba, nikidhani nafasi yangu ni pale. Jeneza lilipokuwa linanyanyuliwa mjomba akageuka, akaita kwa sauti: "Yahya! Njoo shika huku mbele." Nikaenda.

Endeleeni, wakuu. Nasoma kila mchango.