Benki imenifungia hela zangu kisa laini ya simu, na mimi nipo Oman!

Wakuu, nina hasira hadi mikono inatetemeka, mnivumilie.

Nipo Muscat mwaka wa tatu sasa, nafanya kazi saluni pale Ruwi. Mshahara ukiingia natuma kwenye akaunti yangu ya Dar na siigusi, ni hela ya bati la mama na ada ya mwanangu Januari. Mwezi uliopita fundi kanipigia, kenchi tayari, anataka bati. Nafungua programu ya benki, inaniambia namba ya uthibitisho imetumwa kwenye simu yangu. Simu ipi? Ile laini ya Bongo ilikaa miezi bila vocha, kampuni ikaifunga, ikampa mtu mwingine. Nikaipiga. Kapokea kijana yuko Geita, mstaarabu kweli: "Kumbe ni wewe dada? Meseji za makato ya akaunti yako napata kila mwezi, na salio naliona." Mtu nisiyemjua anaona salio langu, mimi mwenyewe silioni!

Nikawapigia benki kuwaambia hiyo namba si yangu tena. Kupiga kutoka huku ni vocha, dakika zinakatika unasikilizishwa muziki. Dada wa huduma kwa wateja akaifunga akaunti palepale, eti kwa usalama wangu. Sasa nifike tawini mwenyewe, na kitambulisho cha NIDA na laini iliyosajiliwa kwa jina langu. Na laini nyumbani haisajiliwi bila alama ya kidole. Nitaweka kidole vipi na mimi nipo Oman?

Nikamtumia kaka barua ya uwakilishi yenye mhuri wa ubalozi wetu hapa Muscat. Meneja wa tawi kaigeuzageuza, kamrudishia: "Aje mwenye akaunti." Nauli ya kuja na kurudi inazidi mshahara wangu wa mwezi, na bosi hatoi ruhusa mpaka mkataba uishe. Na makato ya kila mwezi yanaendelea! Mimi kutoa nimefungiwa, wao kukata hawajafungiwa.

Kila siku tunahimizwa diaspora tupeleke hela nyumbani. Tumepeleka. Alama za vidole vyangu zilichukuliwa NIDA, zikachukuliwa tena nilipoomba pasi. Ubalozi upo, una watu, una mhuri. Kinachoshindikana kunihakiki hapahapa ni nini? Na kama mhuri wa ubalozi hauaminiki kwenye tawi la benki ya nchi yetu wenyewe, tunapangiwa foleni pale kuutafuta kwa ajili gani?

Mliopo Oman, Dubai, Doha, aliyewahi kubadilishiwa namba na benki bila kurudi nyumbani aandike hapa alipitia njia gani na alimwona nani. Fundi anapiga kila siku, mvua za vuli zimeshaanza na nyumba ya mama iko wazi juu.